Mikono ya Asali

Jumatatu, 18 Machi

Daftari hili ni la Kitinda, mwanangu wa mwisho. Kurasa za mbele zina hesabu zake za shule, mimi naanzia katikati. Kanipa mwenyewe leo, akasema, "Mama, tangu asubuhi umeniuliza mara arobaini kama naumwa. Naumwa. Ukitaka kuniuliza tena, andika humu." Nikamwambia mimi niliishia darasa la nne, mwandiko wangu ni kama kuku kapita. Akasema hata kuku ana anakokwenda.

Basi naandika. Pikipiki ilimgonga Alhamisi akitoka shule. Mfupa haukuvunjika, lakini ngozi ya mguu wa kulia imetoka yote, kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo. Daktari wa upasuaji amesema kidonda kikikaa kisafi, baada ya wiki chache watachukua ngozi ya paja waipandikize pale. "Na kikiharibika?" nikauliza. Akasema, "Kikiharibika, mama, tutazungumza mengine."

Hayo mengine nayajua. Hakuna mama asiyeyajua. Ni msumeno.

Kitinda, unaumwa?

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Kanywa uji nusu kikombe. Unaumwa?

Jumatano, 20 Machi

Nimeanza kuizoea wodi. Upande wetu una vitanda sita, sisi ni namba sita, mwisho kabisa ukutani. Namba tano ni mama mshona nguo, wote tunamwita Fundi. Pasi ya mkaa ilimwangukia pajani. Akicheka, kitanda kizima kinalia. Namba nne hakina mtu. Namba tatu ni bibi mwenye donda la mguu, haongei sana. Namba mbili ni binti aliyeungua kwa mafuta, na namba moja yuko karibu kuruhusiwa.

Vidonda vinafungwa upya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Leo nimemwona muuguzi ambaye wagonjwa wamempa jina Asali. Kweli ni asali. Anaanza namba moja na kitoroli chake cha dawa, anaimba, anafika kwetu wa mwisho. Ana kaka yake hajaoa, basi mimi ananiita mama mkwe na Kitinda anamwita wifi. "Wifi, lete mguu wetu tuuone." Wetu! Mguu wenyewe ukilia anaupuliza maneno matamu mpaka unanyamaza. Na glavu havui, tangu anaingia asubuhi mpaka anatoka. Msafi kweli.

Mkubwa wao ni mwingine kabisa. Huyo wanamwita Bi Bomba, kwa sababu kila saa yuko kwenye bomba. Akimgusa mwanangu, huyo kwenda kunawa. Akigusa hata chuma cha kitanda, ananawa. Nikamwambia Fundi, "Huyu anatuona sisi jaa?" Fundi akasema, "Shoga, mimi nimemzoea. Siku akinipa mkono nitapona kwa mshtuko."

Yeye alicheka. Mimi imeniuma. Mtoto wa mtu hashikwi kwa kinyaa.

Ijumaa, 22 Machi

Leo nimejiaibisha mbele ya hospitali nzima, na bora niandike kabla Kitinda hajaamka akalisikia kwa Fundi.

Walimpeleka chumba cha upasuaji kumsafisha kidonda. Mimi nikabaki kwenye benchi nje ya mlango. Nikakaa, nikasimama, nikakaa. Akatoka mhudumu kijana mwenye nguo za kijani. Nikamwuliza, "Mwanangu, daktari mbona simwoni? Nataka nimwambie neno moja tu." Akajibu huku anapita, "Umechelewa, mama. Daktari ameshanawa mikono."

Ameshanawa mikono! Hata hajaanza, ameshanawa mikono na mwanangu! Nikakaa sakafuni nikapiga yowe lililofika mpaka getini. Mama mmoja nisiyemjua akaja akanishika, akalia na mimi, akawa anasema, "Mungu ndiye mjuzi, dada, Mungu ndiye mjuzi." Watu wakajaa.

Bi Bomba akapenya katikati yao. "Nani amekuambia daktari amemkatia tamaa mtoto wako?"

"Kijana wenu! Kasema amenawa mikono!"

Akanitazama. Kisha akainua mikono yake, akaisugua hewani kuanzia vidole mpaka viwiko, polepole. "Amenawa, mama. Kwa maji. Na sabuni. Akishanawa hivyo hashiki kitu kingine ila mguu wa mwanao."

Ukumbi wote ukaangua kicheko. Yule mama aliyelia nami akainuka kwa hasira, akasema machozi yake ya bure nani atamrudishia.

Watu walipoondoka Bi Bomba akakaa kwenye benchi pembeni yangu. Sikutegemea. Nikamwuliza hayo ya kunawa kila saa ni ya nini, maana daktari nimemwelewa, lakini yeye? Akasema, "Nikitoka kwa namba mbili nikaja kwako sijanawa, nimekuletea zawadi kutoka kwa namba mbili. Na mwanao sasa hana ngozi ya kuikataa zawadi. Nanawa kabla sijamgusa, nanawa nikishamgusa."

"Mimi nilidhani unatuonea kinyaa."

Akaigeuza mikono yake mapajani, viganja juu. "Mama, nimekaa miaka ishirini na mbili humu, na ninachokiogopa si nyinyi. Naiogopa mikono yangu."

Kitinda kasafishwa vizuri. Kidonda chekundu kama nyama ya buchani, na daktari anasema wekundu huo ndio uzuri.

Jumamosi, 23 Machi

Fundi sasa ananiita Mama Kanawa. Wodi nzima imelidaka jina hilo.

Jumatatu, 25 Machi

Nashindwa hata kushika kalamu.

Tangu Ijumaa macho yangu yamehamia mikononi mwa watu. Nimesahau sura, naangalia mikono. Leo Asali alipoanza namba moja, alikuwa na wino wa buluu kwenye kidole gumba cha glavu ya kulia. Kalamu ilimvujia alipokuwa anaandika, doa kama punje ya mtama. Nikaliona kwa sababu natazama.

Akaenda namba mbili. Kidonda cha yule binti tangu Jumamosi kinatoa harufu, tamu tamu na mbovu, na bandeji imetoka na rangi ya kijani. Asali akambembeleza, akamsafisha, akafuta vidole vya glavu kwa pamba. Akaenda namba tatu kwa bibi. Doa lile lile. Akaruka namba nne, hakuna mtu. Akaja kwa Fundi. Doa lile lile. Akaja kwetu, akasema, "Wifi, lete mguu wetu," na kidole gumba kilichomshika mwanangu kilikuwa na doa la buluu.

Glavu zinamkinga yeye. Mwanangu zinamletea zawadi.

Nilishika shuka. Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Alipomaliza nikasema, "Ahsante, mwanangu."

Jumanne, 26 Machi

Leo Fundi kapandikizwa ngozi. Karudi anatania, anasema paja moja limeliibia jingine.

Baba Kitinda alikuja jioni. Nilimweleza habari ya doa. Alifikiri sana, akasema, "Mke wangu, mtoto yuko mikononi mwao. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Ukimkasirisha muuguzi, wewe utalala nyumbani, mtoto atalala hapa."

Na huyo mwenyewe ni Asali! Angekuwa yule mkali ningemshitaki kwa daktari bila kupepesa. Lakini ni huyu anayempa mwanangu vitabu vya kusoma. Huyu anayeniuliza kama nimekula.

Jumatano, 27 Machi

Mvua inamwagika kama mbingu imetobolewa, umeme umekatika, na umeme ukikatika pampu inalala. Nje mafuriko, ndani bomba linakohoa hewa. Bi Bomba alibeba ndoo mwenyewe kutoka kwenye tangi, gauni limelowa mpaka magotini, halafu wakamwita kwenye mkutano.

Asali akafunga vidonda. Glavu jozi moja. Bandeji ya bibi wa namba tatu imetoka ya kijani.

Mbili, sasa tatu. Namba nne hakuna mtu, lakini ugonjwa hauhesabu kitanda kitupu.

Nilinyamaza.

Alhamisi, 28 Machi

Unaumwa? Kasema kidogo. Nimemnusa mguu mara sita. Kasema, "Mama, wewe si paka."

Ijumaa, 29 Machi

Daktari aliagiza paja la Fundi lifunguliwe leo litazamwe. Nilijiapiza tangu alfajiri kwamba nitasema. Asali akaingia anaimba, macho mekundu kwa uchovu. Nikafungua mdomo, likatoka jingine: "Umechoka, mwanangu?"

Akasimama. "Mama mkwe, wodi nzima ni wewe tu umeniuliza."

Basi mtu kama huyo utamwambia nini? Akaenda namba mbili, akaenda namba tatu, akamfungua Fundi. Ile ngozi mpya ilikuwa laini, inang'aa, imeshaanza kushika. Fundi akajisifu, "Mshono huo, tazameni, hauna hata kifundo." Asali akaishika pembeni kwa kidole, akaisafisha, akaifunga. Halafu akamshika mwanangu.

Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili tu. Mdomo nilikuwa nao.

Jumapili, 31 Machi

Fundi ana homa. Hatanii. Ile harufu tamu imefika namba tano.

Jumatatu, 1 Aprili

Asubuhi nilikwenda jikoni kwa wapishi, nikawaomba maji yaliyochemka, nikayaacha yapoe kwenye jagi. Nikachukua beseni letu na kipande cha sabuni mpya. Kitinda akauliza, "Mama, unafua saa hizi?" Nikamwambia anyamaze.

Nilikuwa nimefikiri siku nzima ya jana. Utamwambiaje mtu mikono yako michafu, mtu anayekuita mama mkwe? Mgeni akiingia kwako haambiwi hivyo hata akitoka kulima. Mgeni analetewa maji.

Kitoroli kilipotoka kwa Fundi nikasimama katikati ya njia, beseni mkono huu, jagi mkono huu.

"Karibu unawe, mwanangu."

Asali akacheka. "Mama mkwe, kwani tunakula?"

"Hatuli. Unanawa tu."

"Mbona nina glavu?"

"Glavu zimetoka kwa namba mbili. Zikapita kwa bibi. Zikapita kwa Fundi. Zivue, mwanangu."

Kicheko kikamwisha usoni kama taa iliyozimwa. Naisikia mvua kwenye bati. Akasema kwa sauti ndogo, "Yaani unataka ninawe mikono na wifi yangu? Umenikataa?"

"Sijakukataa. Ningekukataa ningekwenda kwa daktari. Nimekuletea maji."

Akalitazama beseni. Halafu akaanza kuvuta glavu, polepole, anauma mdomo, na mimi nikaona kwa nini havui.

Mikono yake haina ngozi. Imepasuka kama tope lililokauka, kwenye viungo damu, katikati ya vidole pamekuwa peupe na panachubuka. Mikono hiyo iliyobembeleza vidonda vyetu vyote yenyewe ni kidonda.

"Sabuni ya hapa imenila," akasema. "Spiriti ikinigusa naona nyota mchana. Nikivua glavu kila kitanda, kuzivaa tena siwezi, zinanasa kwenye nyufa. Na wakijua wataniondoa. Mimi ni wa mkataba, mama. Nikasema bora zibaki, angalau ni glavu."

Kumbe alikuwa na maumivu na anaimba. Niliweka sabuni chini. Nikammiminia maji matupu, kidogo kidogo, akayapokea huku machozi yanaanguka kwenye beseni.

"Tangu lini?" Ni Bi Bomba. Alikuwa nyuma yetu, sijui tangu saa ngapi.

"Tangu Januari, dada."

"Na hukuniambia."

"Wewe?" Asali akainua uso. "Nani anakuambia kitu wewe? Ukipita sote tunanyooka kama mistari ya daftari. Unatuambia naweni, naweni. Hata siku moja hujasema leteni mikono niione."

Nilidhani atamrarua. Bi Bomba akasimama, anatazama ile mikono. Kisha akachukua jagi mkononi mwangu, akamalizia kummiminia yeye mwenyewe, taratibu, kama anamwogesha mtoto mchanga. Akaifunga mikono kwa bandeji safi, akamtoa Asali nje kwa kumshika bega.

Aliporudi alinawa, akavaa glavu mpya, akafunua mguu wa Kitinda. Pembeni mwa kidonda pana wekundu ambao Ijumaa haukuwepo. Akachukua kijiti akagusa usaha, akakitia kwenye kichupa kwenda kupimwa. Akamwuliza mwanangu, "Unaumwa?"

"Mwulize mama," akasema Kitinda. "Yeye ndiye anayeandika."

Jumatano, 3 Aprili

Majibu bado. Wekundu umesogea upana wa kidole. Daktari ameutazama mguu, hakusema neno. Nilitamani aseme hata baya.

Alhamisi, 4 Aprili

Bado.

Ijumaa, 5 Aprili

Majibu yametoka. Ni mdudu yule yule wa namba mbili, tatu na tano. Lakini daktari anasema kwa Kitinda amekamatwa mlangoni, hajaingia ndani. Ameandikiwa sindano asubuhi, mchana na jioni. Kupandikiza kumesogezwa mbele. "Na ule msumeno?" nikauliza. Akasema, "Msumeno gani, mama?" Nikamwambia basi.

Fundi yeye haikuwa hivyo. Ile ngozi iliyokuwa inang'aa imekufa, wameitoa yote. Itabidi wasubiri kidonda kisafike, wachukue ngozi upya, paja la pili limenyang'anywa bure. Alipoambiwa aligeukia ukutani.

Jumatatu, 8 Aprili

Asali amepelekwa chumba cha kadi mpaka mikono ipone. Hawakumfukuza. Bi Bomba alikwenda kumsemea mwenyewe, na sasa kila Jumatatu anawakusanya wauguzi mlangoni na kuwaambia, "Leteni mikono." Anaitazama kama mama anayekagua kucha. Ameweka pia ndoo yenye koki kwenye mlango wa wodi, haina habari na pampu wala umeme.

Vidonda hufungwa kimya siku hizi. Hakuna anayeimba. Nimemkosesha Kitinda wifi yake.

Jumapili, 14 Aprili

Wekundu umerudi nyuma. Unaumwa? Kasema anasikia njaa. Nimelia kwa furaha ya njaa.

Ijumaa, 19 Aprili

Kapandikizwa. Nilikaa kwenye benchi, sikumwuliza mtu neno lolote.

Jumatano, 24 Aprili

Imeshika! Daktari kafungua bandeji, imeshika yote, isipokuwa kipande kidogo karibu na kifundo, na hicho anasema kitajifunga chenyewe. Nilimbusu daktari mkono, akakimbilia kwenye ndoo. Tumecheka.

Fundi alicheka pia, lakini kitanda hakikulia.

Ijumaa, 10 Mei

Tumeruhusiwa. Mvua imepungua, imebaki ya manyunyu. Kitinda anatembea na magongo, anauweka mguu chini kama anayeonja maji ya moto.

Nilimwacha na baba yake mlangoni, nikarudi kwa Fundi. Wanawe wako mbali, tangu tulipokuja Machi sijamwona hata mmoja. Nilikuwa nimeandaa maneno, yakapotea yote. Nikamwambia hivi hivi: "Fundi, mimi niliona. Jumatatu ile, siku moja kabla hawajakupandikiza, niliona glavu ni zile zile. Jumatano nikanyamaza. Ijumaa wakati anakushika nilikuwa nimekaa pale. Nilisema siku hatari ilipomfikia mwanangu. Paja lako ni kimya changu."

Hakuniangalia. Akawa anakunja pindo la shuka, analinyoosha, analikunja, kama anapima upana wa mshono.

"Mimi niliona mwezi wa pili," akasema.

Sikuelewa.

"Kabla hamjaja. Mimi naishi kwa kutazama mikono ya watu, shoga. Niliona havui. Lakini ananiita mama, na hapa hakuna mwingine wa kuniita hivyo. Nikasema nikimwambia, ataacha." Akaliachia pindo. "Sasa tugawane. Paja hili nusu kimya chako, nusu changu."

Nikamwuliza kama ananisamehe. Akasema, "Nenda, mtoto anasubiri. Na mvua hiyo."

Si ndiyo, si hapana. Nimekuja nayo nyumbani.

Jumatatu, 20 Mei

Leo jua. Kitinda kaenda shule kwa magongo, kalitaka daftari lake. Nimemwambia ukurasa mmoja tu umebaki.

Asubuhi Fundi alikuwa anapandikizwa mara ya pili, na mtu wa kumsubiri hana. Nikapika, nikafunga, nikaenda kwa miguu, na njia nzima namwomba Mungu ngozi ishike. Nilipofika alikuwa ameshatolewa, yuko namba tano, macho yamefumba. Asali alikuwa pale pembeni. Wamemrudisha wodini tangu Alhamisi. Mikono yake ina ngozi mpya, ya waridi kama ya mtoto. Aliniona, hakuniita mama mkwe. Alisema, "Shikamoo, mama," basi.

Fundi akafumbua macho. "Nani huyo?"

"Mimi."

"Kitinda amerudi hospitali?"

"Kitinda yuko shule. Nimekuja kwako. Nitakuja kila siku mpaka utoke."

Uso wake ukakunjamana, nami nikautupa mfuko wa chakula sakafuni, nikamrukia nimshike mikono yote miwili.

"Mama mkwe!"

Ni Asali. Amesimama kati yangu na kitanda, mikono ameitandaza.

Nikaitazama yangu. Vumbi la njiani, mafuta ya chakula, noti za sokoni.

Fundi akaanza kucheka. Dawa ya usingizi bado inamvuta, lakini akacheka mpaka kitanda kikalia, na Asali akashika mdomo, na mimi nikaenda kwenye ndoo mlangoni nikanawa katikati ya vidole, mpaka viwiko. Nikarudi mikono inachuruzika.

Fundi akanipa mkono wake.